Pikseli 1,500 kwa mashindano ya taa za Krismasi: mwisho wa uzi nyeupe inageuka pinki. Na pawa saplai ziwe ngapi?

Paa_Linawaka

Wakuu, salaam. Mtaani kuna familia tano zinazoshindana kupamba nyumba kwa taa kila Desemba, majirani ndio wapiga kura. Mpango wa mwaka huu ni kuachana na taa za kawaida na kuhamia pikseli, kila taa na rangi yake, zikicheza na muziki. Hesabu iko hivi: ukingo wa paa mita 12, pikseli 200. Madirisha manne, 50 kila moja. Matao sita uani, 50 kila moja. Halafu mti mkubwa wa nyuzi 16 zenye pikseli 50 kila uzi. Jumla 1,500, zote za umbo la risasi, milimita 12, chipu WS2811 (ndiyo inayoendesha kila pikseli).

Nyuzi tatu za volti 5 zimeshanunuliwa kwa majaribio, zikaungwa mkia kwa kichwa. Nyekundu inafika mwisho vizuri kabisa. Nyeupe inaanza kuwa manjano kwenye uzi wa pili, wa tatu ni pinki tupu. Pawa saplai ya wati 350 wala haipati joto. Ubovu ni wa pikseli au? Kwa zilizobaki ninunue volti 5 au 12, na pawa saplai ngapi? Kupanga wimbo mmoja kunachukua muda gani? Na la mwisho: familia inayoongoza ina taa 20,000 za kawaida. Na hizi 1,500 zetu, kuna mtu atatuona?

FundiVolti

Pikseli ni nzima, usitupe hata moja. Umeme unachoka njiani.

LED nyekundu inatosheka na volti 2 hivi, wakati ya kijani na ya bluu zinataka 3 na kitu. Volti zikishuka, bluu inafifia kwanza, kijani inafuata, nyekundu inabaki peke yake inatamba. Ndiyo maana jaribio la nyekundu halikukuonyesha kasoro: inavumilia volti ndogo, na yenyewe inakula theluthi tu ya umeme wa nyeupe. Ukitaka kujua hali ya uzi, washa nyeupe kwa nguvu zote kisha weka malitimita kwenye chanya na hasi za pikseli ya mwisho. Kwa volti 5, ukisoma chini ya 4.2 hivi, rangi zimeshaanza kudanganya.

Hesabu yake ni hii. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 una ukinzani wa takriban omu 0.023 kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo umbali wa mita 5 ni mita 10 za waya, omu 0.23. Pitisha ampea 3 na umeshapoteza volti 0.7 kabla ya kuigusa pikseli ya kwanza. Kwenye volti 12 hiyo ni asilimia 6, jicho halina habari. Kwenye volti 5 ni asilimia 14. Na nyaya zilizo kati ya pikseli na pikseli kwa kawaida ni nyembamba kuliko hiyo. Pawa saplai kutopata joto si ajabu: pikseli 150 ni ampea 9, na yenyewe ina uwezo wa karibu 70.

Dawa ni kuongezea umeme njiani. Unavuta jozi ya nyaya nene, chanya na hasi, moja kwa moja kutoka pawa saplai hadi katikati au mwisho wa uzi na kuziunga pale. Waya wa data, ule unaobeba amri za rangi, huugusi. Kwa volti 5 ongeza kila pikseli 50, kwa volti 12 kila pikseli 100. Hizo nyuzi zako tatu zikilishwa mwanzoni na kila zinapounganika, pinki itaondoka leo hii.

Kuhusu 5 au 12: pikseli hizi zikiwa nyeupe kamili zinavuta hadi ampea 0.06, iwe za volti 5 au za volti 12 zenye rezista. Kwa 1,500 ni ampea 90. Kwa volti 5 hiyo ni wati 450, kwa volti 12 ni wati 1,080. Tofauti ya wati 630 yote inaishia kuwa joto ndani ya rezista, haiongezi mwanga hata chembe. Pamoja na hasara hiyo, kwa nyumba yenye matao uani na paa juu ningenunua 12, maana waya utakaookoa na viungo utakavyoepuka vina thamani kuliko wati hizo. Zile tatu za volti 5 zipeleke madirishani na pawa saplai yao peke yao, plagi zake zizungushie utepe wa rangi nyingine. Ukichomeka uzi wa volti 5 kwenye 12 utasikia harufu kabla ya kuona mwanga.

Idadi ya pawa saplai inategemea mwangaza utakaouruhusu. Usiku, asilimia 30 inatosha na kubaki. Nguvu zote zinaumiza macho na kuharibu rangi kwenye kamera. Asilimia 30 ya ampea 90 ni 27. Pawa saplai ya volti 12, wati 350, inatoa ampea 29, ila usiibebeshe zaidi ya asilimia 80, yaani 23. Kwa hiyo mbili: moja ya mti (ampea 14.4), moja ya vilivyobaki. Kikomo cha mwangaza kiweke ndani ya kontrola yenyewe (kifaa kinachotuma amri kwa pikseli), si kwenye sikwensi tu (mpango wa taa unaofuata wimbo), maana kuna siku mtu atabonyeza kitufe cha majaribio na kila kitu kitakuwa nyeupe kamili. Hapo tawi la pikseli 100 linaruka kutoka ampea 1.8 hadi 6. Weka pia fyuzi ya ampea 5 kwenye kila tawi, ili kukitokea shoti ife yenyewe badala ya waya.

Kosa linalounguza vitu kuliko yote: hasi zote lazima ziunganishwe pamoja, za pawa saplai zote na ya kontrola, la sivyo taa zitacheza wazimu. Lakini chanya za pawa saplai mbili zisikutane kamwe. Pale eneo la ya kwanza linapoishia, kata waya wa chanya, acha data na hasi zipite.

Malitimita

Naongezea moja kabla hujawasha. Ubavuni mwa pawa saplai nyingi za bati lenye matundu kuna swichi ndogo nyekundu, inaonekana kwa kuchungulia, imeandikwa 110 na 220 au 115 na 230. Nyingine zinatoka kiwandani zikiwa kwenye 110. Ukiiwasha hivyo kwenye umeme wa 230, mlio mmoja na moshi, hakuna kurekebisha. Isogeze kwa bisibisi ikiwa haijachomekwa.

Halafu skurubu za L na N, za umeme wa ukutani, ziko wazi mbele, upana wa kidole tu kutoka kwenye zile za volti 12. Lazima ikae ndani ya boksi, na ile ya ethi (waya wa ardhini) ifungwe kweli, isiachwe kwa sababu "taa zinawaka bila hiyo".

Mshale_wa_Data

FundiVolti kamaliza umeme, mimi nitasema data.

Kila pikseli ina upande wa kuingilia na wa kutokea. Geuza uzi kichwa chini na hakuna kitakachowaka, ingawa volti zote zipo. Tafuta mshale au herufi DI na DO kwenye ubao mdogo ndani ya plastiki. Kila pikseli inachukua biti 24 za kwanza, inasukuma zilizobaki kwa mwenzake. Kwa hiyo ikifa moja katikati, zote za mbele zinazimika au zinaganda. Mbovu ni ya kwanza isiyowaka, au ile iliyo kabla yake ambayo inawaka vizuri lakini mlango wake wa kutokea umekufa. Badilisha ya kwanza isiyowaka. Ikigoma, rudi nyuma moja. Weka akiba ya pikseli 20 zenye nyaya zake.

Kasi yake ni biti 800,000 kwa sekunde, yaani pikseli moja inachukua mikrosekunde 30. Pikseli 800 ni milisekunde 24. Ukitaka fremu 40 kwa sekunde una milisekunde 25 tu kwa kila fremu, kwa hiyo 800 ndiyo kilele cha mlango mmoja wa kontrola. Mti wako unaingia pale kwa kubana, ila mimi nisingefanya hivyo: pikseli moja ya uzi wa pili ikifa usiku wa kura, karibu mti mzima umeondoka. Kontrola ya milango 8 inatosha vizuri. Mti ipe minne, nyuzi nne kila mlango, paa mmoja, madirisha mmoja, matao miwili.

Kutoka kompyuta hadi kontrola tumia kebo ya mtandao. Kwa itifaki ya E1.31, ya kutuma amri za taa kwa mtandao, kila kifurushi kinabeba chaneli 512, yaani pikseli 170 (kila pikseli ni chaneli tatu, moja kwa kila rangi). Wewe una chaneli 4,500, vifurushi 9 mara 40 kila sekunde, na hapo Wi-Fi ya nyumbani itaanza kukwamakwama watu wakishika simu zao. Afadhali zaidi, weka Falcon Player (programu ya kucheza sikwensi) kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, sikwensi ikae kwenye kadi humohumo, kompyuta ikapumzike.

Paa_Linawaka

Shukrani nyingi wakuu. Nimeongeza umeme kila pikseli 50, pinki imeisha. Swichi nyekundu ilikuwa kwenye 115, Malitimita ubarikiwe.

Jipya: kwa majaribio natumia ESP32 (bodi ndogo, ndiyo kontrola yangu) yenye WLED, programu ya kuendesha pikseli, iliyo ndani ya gereji. Nikiweka uzi pembeni yake unawaka safi. Nikiupeleka uani, mita 9, unapepesa rangi za ovyo hata nikiwa nimeuambia uzime. Volti pale uani ni 4.9.

Mshale_wa_Data

Volti zako nzuri, kinachokufa ni data. ESP32 inatoa ishara ya volti 3.3 wakati chipu ya pikseli inayokula volti 5 inatarajia karibu 3.5 ili ikubali kuwa hiyo ni "moja". Karibu na kontrola inaponea chupuchupu, mita 9 haiponi. Weka chipu ya 74AHCT125 kati yake na laini, inapandisha ishara hadi volti 5. Hakikisha ina hizo herufi "HCT" au "AHCT", maana 74HC tupu haitambui 3.3 vizuri. Mara tu baada ya chipu weka rezista ya omu 33 hadi 470, inatuliza mwangwi wa ishara ndani ya waya.

Hata hivyo mita 9 ni nyingi. Ama sogeza kontrola hadi mita 3 hivi kutoka uzi wa kwanza, ama weka pikseli moja ya kafara katikati ya njia, kama mita 4 au 5. Kazi yake ni kupokea ishara na kuitoa upya, haiwashwi. Kwenye WLED kuna sehemu ya kuruka taa za kwanza, andika 1. Usisahau kwamba nayo inataka chanya na hasi. Kwa umbali mkubwa zaidi kuna bodi za RS-485 zinazopeleka data kwa jozi ya nyaya za kebo ya mtandao, lakini kwa uwanja wako hazihitajiki.

MamaSikwensi

Hilo swali la taa 20,000 ndilo hasa lililonileta. Taa za kawaida zinatoa mwanga mmoja, jicho linazizoea kwa nusu dakika. Kwa wingi hutashinda, wala usijaribu. Kati ya 2011 na 2014 familia ya Canberra, Australia, na nyingine ya jimbo la New York zilipokezana rekodi ya dunia ya taa nyingi kwenye nyumba: 331,038, kisha 346,283, kisha 502,165, kisha 601,736. Njia hiyo haina mwisho, na fundi wa umeme ndiye anayefaidi. Silaha yako ni giza. Taa inayozimika kwa wakati wake inaonekana kuliko mia zinazowaka muda wote.

Sikwensi tengeneza kwa xLights, ni ya bure. Anza kwa kuchora nyumba kama ilivyo: paa, dirisha moja moja, tao moja moja, mti. Halafu unda makundi: matao yote, madirisha yote, nyumba nzima bila mti. Watu wengi wanaruka hatua hii, wanajikuta wanapaka athari tao kwa tao hadi alfajiri. Kisha weka alama za muda. Mstari mmoja wa mapigo, mmoja wa baa za muziki (makundi ya mapigo), mmoja wa maneno ya mwimbaji. Zisogeze kwa sikio, usiiachie programu ikukisie. Alama ikichelewa milisekunde 100, mtazamaji hajui kasoro ni nini ila anahisi kitu hakikai.

Gawa kazi kama kwenye kwaya. Matao yabebe mapigo, mwanga ukiruka kutoka la kwanza hadi la sita. Paa lishike sauti ndefu. Madirisha yaitikie. Mti ndio mwimbaji, na mwimbaji haimbi mfululizo: kwenye ubeti wa kwanza uache giza kabisa, uingie kwenye kiitikio. Rangi mbili, tatu zikizidi sana, kwa kila sehemu ya wimbo. Upinde wa mvua unaozunguka dakika tatu nzima ndio alama ya mgeni. Nyeupe iweke akiba kwa mapigo makubwa mawili au matatu, na hapo hata FundiVolti atakushukuru.

Muda? Wimbo wa dakika tatu kwa fremu 40 ni fremu 7,200, kila moja na chaneli 4,500. Programu inakujazia nyingi, lakini usishangae dakika moja ya wimbo ikila jioni nzima, na ya kwanza itakula mbili. Kwa mara ya kwanza panga nyimbo tatu, jumla dakika kumi. Watazamaji hawakai zaidi ya hapo.

Kamba_Nne

Mti. Pikseli 50 zikiachana sentimita 7.5 zinatoa uzi wa mita 3.75. Nyuzi 16 zitandaze nusu duara tu upande wa barabara, kipenyo cha chini mita 2.4, nafasi kati ya uzi na uzi itakuwa sentimita 25 pale chini. Kilele kitakaa mita 3.55 juu ya ile pete ya chini, kwa hiyo nguzo ya mita 4.2 inakupa nafasi ya nyota. Nguzo hiyo bila nyuzi inasimama yenyewe. Ukishavalisha nyuzi 16 umetengeneza tanga, upepo utaiangusha. Ifunge kamba za chuma nne, mbili zikivuta nyuma, vigingi viende chini sentimita 50 vikilalia nje.

Matao ni paipu za plastiki za mita 3 zilizopindwa, kila mguu ukivalishwa kwenye kipande cha nondo cha sentimita 60, nusu yake ardhini. Kamba za plastiki za kufungia chukua nyeusi, nyeupe zinakauka na kukatika kwa jua. Usipige pini za stepla wala msumari karibu na nyaya.

Mvua: boksi liwe na matundu mawili madogo chini, yatoe maji. Ukiliziba kote kwa silikoni unafungia unyevu ndani, asubuhi kuna umande juu ya pawa saplai. Nyaya ziingie kwa chini, na kila waya ushuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili tone lidondoke nje. Viungo vitazame chini, vipakwe grisi ya umeme, visilale kwenye majani. Na umeme wote wa nje upite kwenye swichi ya kinga ya milliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja. Ikikata kila mvua ikinyesha, usiirukie kwa kuitoa. Chomoa tawi moja moja hadi linalokata lijulikane. Kumbuka pia kila pawa saplai inavujisha kiasi kidogo kwenye ethi hata ikiwa kavu. Mbili si tatizo. Kumi kwenye swichi moja zinaweza kuikata bila tone la maji.

Malitimita

Kuhusu huyo mwenye 20,000: kama ni balbu ndogo za zamani, kila 100 ni wati 40, jumla wati 8,000. Kwa volti 230 ni ampea 35, lazima azigawe kwenye sakiti tatu. Zikiwa LED ni kama wati 1,000 hadi 1,400. Wewe kwa asilimia 30 uko chini ya 400, soketi moja inakubeba.

Muziki usiutoe kwa spika kubwa barabarani. Wengi wanatumia kirushio kidogo cha FM, magari yanasikiliza yakiwa yamefunga vioo, ila nguvu yake iwe ndani ya kikomo cha sheria za nchi yenu. Na pangeni magari yatasimama wapi. Mwaka 2005 nyumba moja ya Mason, Ohio, Marekani, yenye taa 16,000 na chaneli 88, video yake ilisambaa duniani, na Desemba hiyohiyo maonyesho yakazimwa kwa sababu ya msongamano wa magari.

Paa_Linawaka

Chipu ya 74AHCT125 na pikseli ya kafara vimefanya kazi, kupepesa kumekwisha. Nimeagiza volti 12 zilizobaki. Kitu kimoja: utepe wa nyota ya juu ni WS2812, nikiuambia nyekundu unawaka kijani, bluu iko sawa. Umeharibika?

Mshale_wa_Data

Hapana. WS2812 inasoma kijani kwanza, halafu nyekundu, halafu bluu. Nenda kwenye mipangilio ya mlango huo, mpangilio wa rangi badilisha kutoka RGB kuwa GRB. Na kabla hujaupandisha, angalia nyuma ya utepe: WS2812 nyingi ni za volti 5, na mti wako ni 12.

Paa_Linawaka

Umeandikwa 5V. Nitauvutia waya wake.